Kivuli Hakikai Eda

Fauzia binti Bwanaheri alikuwa mtu wa kuota mchana. Akitumwa chumvi dukani, angesimama njiani kulitazama jua likipenya kwenye ua wa makuti, mpaka mama yake atume mtu wa kumfuata. Watu wa Ufukoni, mtaa wao, walisema binti huyu hatafika popote, naye akafika Dar es Salaam, kwenye chuo cha kufundisha kupiga sinema. Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Tangu siku hiyo watu wale wale wakadai walijua zamani.

Baba yake, mpakia magunia ya korosho bandarini, hakuwahi kupigwa picha maishani. Akiambiwa aende studio, alijibu kwamba atakwenda akinenepa. Fauzia alimwahidi kuwa siku atakayokabidhiwa kamera, wa kwanza kupigwa ni yeye. Mzee Bwanaheri akacheka, akasema basi aanze kula vizuri. Kamera ilipopatikana, alikuwa ameshazikwa.

Fauzia alirudi nyumbani na kamera ya kutia ufunguo, mkanda mmoja wa kwisha kabla chai haijapoa, na kazi ya mtihani: filamu fupi isiyo na sauti, ya mtu akiwa kazini. Mwalimu Andrea alikuwa amewaambia wanafunzi wachague namna moja ya kupiga, wabaki nayo. Mmoja alichagua kupigia mbali, watu waonekane kama siafu. Mwingine alitaka kutembea na kamera begani, wenzake wakamshauri awabebee watazamaji malimau ya kichefuchefu. Fauzia alichagua uso. Atamsogelea mama yake akisuka ukili wa mkeka, aijaze picha kwa uso ule, kila kunyanzi. Uso wa baba ulikuwa umeanza kumtoroka. Akifumba macho aliiona kofia, na chini ya kofia ukungu mtupu. Uso wa mama hakutaka uende hivyo.

Tatizo lilikuwa eda. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amekaa ndani, amejisitiri, na eda isingekwisha kabla ya Fauzia kurudi chuoni. Mlangoni alikaa shangazi Mwasiti, dada wa marehemu, mkali kuliko karani wa forodha.

"Filamu hiyo wataitazama akina nani?" shangazi aliuliza.

"Walimu, shangazi. Na wanafunzi."

"Wanaume wamo?"

Fauzia akaanza kuifuta kamera vumbi.

"Basi umeshajijibu."

Alikwenda kwa mama yake. "Mama, nitakupiga kidogo tu."

"Mwanangu, hiki ndicho kilichobaki ninachoweza kumfanyia baba yako. Nikae mbele ya wanaume nisiowajua, hata eda yake sijaimaliza?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Fauzia. Mwenye hasira ungeweza kubishana naye.

Asubuhi moja Bi Somoe alikuwa uani peke yake, mtandio umemwangukia mabegani, jua la mapema limelala shavuni. Nyuma yake kwenye kamba ilining'inia kanzu ya marehemu. Aliitoa kila siku ipate upepo, mpaka itakapotolewa sadaka. Fauzia alikuwa nyuma ya jiko, kamera jichoni, kidole kwenye kitufe. Mama hakumwona. Uso wote ulikuwa pale, wa kuchukua tu. Akakiondoa kidole, machozi yakamtoka, maana kukiacha kitu ulichokwisha kukishika kunauma kuliko kukikosa. Akageuka asimtazame, na macho yakaangukia ukutani.

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Juu yake kivuli cha mama kilikuwa kinasuka, kikubwa, polepole, vidole vinapita juu na chini, na ukili unarefuka bila haraka, kama usingizi.

"Mama," aliita, "na kivuli je?"

Bi Somoe akavuta mtandio, akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

"Kivuli hakikai eda," alisema. "Lakini kamuulize shangazi yako."

Shangazi Mwasiti alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa.

"Kipige," alisema. "Ila kisicheke."

Kesho yake, jua liliporudi pale pale, Fauzia alitia ufunguo akapiga. Aliifuata mikono tu, akasahau kuwa duniani kuna kitu kingine, mpaka mkanda ukaisha.

Chuoni Mwalimu Andrea aliisifu ile mikono. "Lakini hapa mwishoni kuna nguo ya kwenye kamba imejiingiza," alisema. "Inavuruga. Ikate." Fauzia hakuikata. Ushujaa haukuwapo; alihofia tu filamu itabaki nusu. Alama zikapungua, akafaulu kwa kuchechemea.

Eda ikaisha, na nguo za marehemu zikagawiwa. Kanzu ilimwendea mzee mmoja wa Mikindani. Likizo ilipofika, Fauzia aliazima mashine ya kuonyeshea sinema, akatundika shuka uani baada ya magharibi. Mama na shangazi waliketi kwenye mkeka uliotokana na ukili ule ule.

Kivuli kikatokea, kikasuka. Kisha pembeni kikaingia kivuli kingine taratibu: kanzu, imejaa upepo kifuani, mabega mapana. Mkono wake ukainuka, ukatua kwenye bega la msukaji. Msukaji akaendelea kusuka. Shuka likabaki jeupe.

Fauzia aliona aibu.

"Hapo ni kanzu tu, mama. Mwalimu aliniambia niikate."

"Najua ni kanzu. Niliifua mwenyewe." Bi Somoe alikuwa bado analitazama shuka tupu. "Lakini umeona alivyonenepa?"

Shangazi Mwasiti alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Rudisha, mwanangu," alisema. "Anza pale anapoingia."