Korongo wa Tassia

Wakoli alitia vitambaa rangi miaka thelathini na mmoja. Kiwanda kilipofungwa alibaki na kifua kibovu, chumba kimoja orofa ya saba huko Tassia jijini, na madaftari kumi na manne. Humo aliandika ndege: siku mbayuwayu walipofika mtoni, siku walipoondoka, siku korongo weupe walipopita kwenda kaskazini. Hakuna aliyemtuma. Kila asubuhi alishuka ngazi akafuata ukingo wa mto, maji meusi upande huu, kuta za nyumba za kupanga upande ule.

Korongo ndio waliokuwa na maana. Kwao Bungoma, wazee walimwaga mbegu za wimbi kwenye udongo mkavu mara korongo walipozunguka angani, na mvua ikawafuata nyuma. Siku hizi watu wanapanda mbegu ya pakiti na kungoja simu iwaambie. Mbegu ya mama yake, yenye punje nyekundu, ilibaki kibuyu kimoja tu, kwa dada yake, Nafula, kijijini.

Mwishoni mwa Februari aliwaona, zaidi ya mia, wakipanda kwa duara upande wa mtaa wa Pipeline. Akapiga simu papo hapo.

"Nafula, mwaga."

"Kaka, huku ni vumbi tupu. Redio inasema mvua itachelewa."

"Redio imelima shamba lipi?"

Nafula akacheka. "Basi nibakize kidogo?"

"Ukiibania ardhi, mvua nayo inakubania. Umesahau? Zote."

Wiki tatu zikapita bila tone. Wakoli alifuata mto hadi kwenye jalala la upande huo, ambalo siku zote alilikwepa, akawakuta korongo wake, mabawa ya kijivu kwa masizi, wakigombea matumbo ya kuku. Wanja, mwokota plastiki, alikuwa akiwafukuza kwa fimbo.

"Hawa wamefika lini?"

"Babu, hawa ni wapangaji! Wako hapa tangu Krismasi ya mwaka juzi. Tukichoma taka wanaruka, wanazunguka juu ya moshi, wanarudi kula. Waende wapi na chakula kiko?"

Nafula alipiga jioni hiyo. "Njiwa wameokota mbegu, kaka. Sisimizi wakafagia."

"Hata konzi moja?"

"Si ulisema zote?"

"Ulizia kwa majirani, kina Nalianya."

"Kina Nalianya walihamia miwa zamani. Nimezunguka kijiji kizima. Watu wananiuliza mbegu gani hiyo."

Wakasikilizana wakipumua mpaka salio la Nafula likaisha.