Mpini Mpya wa Bastola ya Mzee Kimeu

Maundu wa Wamunyu ni fundi asiyeweza kukiacha kitu kibaya machoni. Mpelekee kiti kibovu ukitaka msumari mmoja tu, atakurudishia kinang'aa. Sifa hiyo ilimlisha miaka arobaini, na hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumliza.

Baba yake, mzee Kimeu, alipigana Bama na Keya, jeshi la Waingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na bastola ya afisa Mzungu, mdomo wake umechomelewa. Kaburi la mzee sasa lilikuwa rundo la udongo lililozidi kuzama kila mvua ikinyesha, na Maundu alikuwa amekula kiapo kwamba hatakufa kabla hajalijengea kwa saruji na kuliandika jina. Polisi walipompa barua kwamba chuma kile hakiwezi tena kufyatua kitu, akaamua kukiuza.

Siku mbili alikishughulikia. Alipiga msasa kila mahali, akang'oa mbao za mpini zilizokuwa zimechakaa, akazitia motoni, akachonga mpya za mpingo, kila upande ndovu. Akamalizia na kiwi ya viatu. Hata mkewe Kaluki, mgumu wa kusifu, alisema imependeza.

Dayib, mfanyabiashara wa vitu vya kale mjini Machakos, aliigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, nani alisafisha hii?"

"Ni mimi. Ungeiona vile ilikuwa! Mbao yote ilikuwa na mikwaruzo ya kisu, kama herufi."

Dayib aliiweka mezani polepole. "Hizo herufi zilikuwa zinasema nini?"

"Sikusoma. Niliona ni uchafu tu."

"Maofisa wengine walikuwa wanaandika hapo jina lao na la mtu wamempatia. Ikiwa na majina, tungeongea laki tatu. Saa hii niko na chuma na ndovu. Elfu nne. Pole sana, mzee."

Maundu alimkumbuka baba yake, asiyejua kusoma, akipitisha kidole gumba kwenye mbao ile na kusema, "Hapa ndipo nilipoandikwa." Yeye na nduguze walicheka, wakadhani ni uzee.

Akalia mbele ya Dayib bila kuficha uso. Alikuwa anatafuta pesa za kuliandika jina la baba yake, kumbe pale lilipokuwa limeandikwa alipachoma kwa mkono wake mwenyewe, moto ukaivisha muthokoi wa mahindi na maharagwe, wakala wakashiba.