Minza na Ng'ombe wa Ngassa

Ukiingia studio ya Mashimba, jirani na soko la Bariadi, utadhani mji huu hauna mtu mweusi. Ukutani wamejaa wakulima wa pamba wenye nyuso za rangi ya uji, wamesimama mbele ya maghorofa ambayo hawajawahi kuyaona. Mashimba huwapaka weupe kwenye kompyuta bila kuombwa, nao humshukuru. Mtu analipa ili asifanane na yeye mwenyewe, kisha anaitundika picha juu ya redio. Mashimba huita kazi hiyo usanii.

Binti yake, Minza, alikulia humo akikunja mapazia na kushika taa. Alipomaliza kidato cha nne, baba yake alimwambia atamwachia kamera kubwa kwa sharti moja: picha zake zitoke kama za baba, na zipigwe muhuri wa studio. Minza aliiweka kamera mezani, akasema atatafuta yake. Mashimba alicheka, na wateja wakacheka pia, kwa kuwa walikuwa bado hawajapewa picha zao.

"Nenda," alisema. "Utarudi hapa na simu yenye kioo kilichopasuka, uniombe chaja."

Minza alikwenda Nkoma kwa shangazi yake, akalima pamba. Baada ya mauzo alipanda gari hadi Lamadi, akanunua kamera kuukuu kwa dereva wa watalii. Ilikuwa imechubuka pembe zote, na kifuniko cha betri alikifunga kwa mpira. Watu wa Nkoma waliitazama kama wanavyotazama kuku mwenye kideri. Harusi zao wakaendelea kumpa Mashimba.

Ndivyo alivyofanya Ngassa, mfugaji wa hapo hapo. Mwanawe alikuwa anamwoa binti wa mzee Maige wa Ipililo. Kwa kawaida upande wa binti huja zizini kukagua ng'ombe wa mahari, lakini Maige alikuwa amevunjika mguu, na hakuwaamini wapwa zake, ambao husifu ng'ombe yeyote mradi wamenyweshwa pombe. Akaomba apelekewe picha. Minza alikwenda kuomba kazi hiyo. Ngassa alimpokea kwa heshima zote, akamuuliza habari za shangazi, kisha akasema mambo ya mahari si ya kufanyia majaribio.

Mashimba alikuja na taa zake, akawapanga ng'ombe kama wanakwaya. Aliporudi Bariadi akawatengeneza. Nyasi za mwezi wa tisa zikawa kijani. Mbavu zikapotea. Na kwa kuwa upande mmoja wa picha ulibaki wazi, akamnakili ng'ombe mmoja, akampachika pale. Mtu aliyezaliwa Usukumani alidhani mfugaji hatamtambua ng'ombe.

Maige aliona kabla chai haijapoa: baka lile lile begani, sikio lile lile lililochanika. Akapiga simu.

"Ngassa, hapa kuna ng'ombe mmoja amesimama sehemu mbili. Siku ya kuwaswaga utamleta mara mbili?"

Akasema asipopata picha za kweli kabla ya mnada unaofuata, posa imekwisha.

Ngassa, ambaye alikuwa ameionyesha picha ile kwa kila aliyempita njiani, sasa akamkumbuka Minza. Mashimba naye alifika, kamera kubwa shingoni. Hakuja kuomba radhi. Alieleza kwamba kosa ni la kompyuta. Kisha akamgeukia binti yake mbele ya ukoo mzima.

"Mwanangu, shika hii. Usituaibishe na hicho kikopo."

"Nikiishika hiyo, baba," Minza alisema, "Maige atauliza yule pacha yuko wapi."

Wanaume waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Minza akaingia zizini na kikopo chake. Alimpiga picha kila ng'ombe peke yake, pande zote mbili, na mchungaji akawafungua midomo ili meno yaonekane. Ngassa alimfuata nyuma akinong'ona amruke yule anayechechemea. Minza akaomba atembezwe, akampiga picha hatua kwa hatua.

Maige alipopelekewa picha alimkataa huyo na ng'ombe mzee mmoja asiye na meno, akataka wawili wengine badala yao, na posa haikuvunjika. Ngassa hakushukuru. Alizunguka akilalamika kwamba binti wa Mashimba amemlia mitamba wawili, na kwa sherehe ya upande wake akamwita tena Mashimba, maana mkewe alitaka kutoka mweupe.

Maige alimpigia Minza mwenyewe. Alitaka kujua jambo moja.

"Mayu," alimwita, yaani mama, "hiyo kamera ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi njoo nayo siku ya kumuaga binti yangu. Ya baba yako ibaki huko."

Mashimba alipopata habari, alitangaza sokoni kwamba yeye ndiye aliyemtuma Ipililo. Bariadi wakampongeza.

Huko Ipililo, bibi wa bibi harusi alikaa kwenye kiti mbele ya Minza, akatabasamu na pengo lake, akauliza kama anaweza kumwekea meno. Minza alimwambia hawezi. Bibi alifikiri kidogo, akafunga mdomo, akaweka mikono magotini.

"Piga hivyo hivyo," akasema.