Unga Kutoka kwa Boriti ya Jirani

Juzi mjukuu wangu ameniletea kiti ya miguu tatu kutoka kwa wachongaji wa Wamunyu. Inang'aa vizuri. Asubuhi nikifagia nikaona unga chini yake, laini kama poda ya mtoto. Nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatoka nje. Kaa hapo nikwambie.

Miaka ya sitini, nikiwa kasichana, nilikuwa nakaa na susu, yaani nyanya yangu. Ng'ambo ya ua ya makonge kulikuwa na jirani, mama mmoja mdomo kama pilipili. Siku moja akiwa anakula muthokoi kwake, ile mahindi ya kukobolewa na maharagwe, unga ikamwangukia kwa sahani. Kuangalia kitanda, iko hapo pia. Akakuja kwa ua, akanyooshea susu kidole, akaita kijiji yote isikie: "Huyu mzee ananimwagia dawa. Ni mchawi, atoke hapa."

Na kwetu neno hiyo ikikushika, unahama. Hata kwa mto watu walianza kutungoja tumalize, ndio wateke maji.

Susu hakulia. Aliita mzee wa kijiji, wakaingia kwa huyo jirani. Susu akafagia, akatandika leso nyeusi chini ya boriti, akasema mlango ifungwe, mzee akae na kifunguo. Tukangoja nje tukichambua mbaazi. Jua ikienda kulala wakafungua. Leso iko na unga.

Susu akapanda juu na sindano ya kushona gunia. Mashimo ya zamani kwa boriti ilikuwa nyeusi, akayaacha. Akadunga ile mpya, nyeupe ndani, akatoa funza mnene, akaonyesha jirani. "Bwana yako alipandisha mti na maganda yake. Dudu inapenda hapo. Paka mafuta taa na unyoya."

"Basi ni wewe umemtuma huyo dudu."

"Ningekuwa na dudu ya kutuma, ningeanza na mdomo yako."

Mzee akacheka, na mambo ya uchawi ikaishia hapo. Lakini jirani alikataa kupaka, eti hawezi fundishwa na adui. Mvua ikakuja, boriti ikakatika. Akaingia jikoni kwetu na sufuria kwa kichwa, amenuna. Susu akampakulia muthokoi. "Kula, mwaitu, mama yangu. Nimeweka unga kidogo."

Akamaliza yote, akitukana katikati ya kijiko na kijiko.

Wote wawili wameenda. Paa siku hizi ni chuma, na pale kwa makonge ni ukuta ya mawe. Hiyo kiti nimepaka mafuta taa. Lakini kwanza nilisimama kwa ukuta, unga iko mkononi, nikitafuta mtu wa kugombana naye. Ng'ambo hata mlango haikufunguliwa.