Jarife la Papa Juu ya Mkomamanga

Kindege kisichofikia uzito wa kibiriti kimenigharimu shilingi elfu arubaini na moja na mia tano. Nimehesabu mara mbili, na udi haumo.

Kindege chenyewe ni chozi, yule wa mdomo uliopinda anyonyaye maua. Alining'iniza kiota kwenye mkomamanga wa uani kwetu bila kuomba kibali, katika Mji Mkongwe huu ambamo mtu habadilishi hata mlango bila karatasi tatu. Akataga mayai mawili. Kunguru akayala yote mawili. Chozi, kwa ukaidi ambao sijui kajifunza kwa nani, akajenga palepale na kutaga mawili mengine. Mke wangu, aliyezoea kunywa chai ya asubuhi akimtazama, akaniambia safari hii kunguru akila, chai nitajipikia mwenyewe.

Nikenda Darajani kutafuta wavu. Mpya ulikuwa elfu hamsini. Sikuutazama mara ya pili. Mvuvi mmoja wa Nungwi alikuwa na jarife kuukuu, matundu makubwa, chozi apite na kunguru abaki nje. Alitaka arubaini. Nikaondoka mara tatu, nikaitwa mara tatu, tukamalizana ishirini na mbili. Akanambia, kwa huzuni ya mtu aliyeibiwa, kwamba wiki iliyopita tu lilitoa papa. Nami nikadhani anaisifia mali.

Nikalitandaza juu ya mkomamanga. Kunguru akaja, akalitazama, akaenda zake. Nilijisifu tangu adhuhuri hadi laasiri. Laasiri, jua lilipokwisha kulichoma vizuri, wakaja paka. Nilihesabu tisa, nilipohesabu tena, kumi na mmoja. Jirani wa ghorofani, bibi ambaye hajapata kunisalimia wa kwanza, akafungua dirisha.

"Jirani, diko la samaki lafunguliwa saa ngapi? Nna wageni, nataka tasi wawili."

Nikalisugua kwa ndimu za elfu nne na mia tano. Paka wakasogea, kana kwamba nimewatilia kiungo. Ndipo ikanijia ile akili: nguo za harusi tunazifukiza udi, jarife lina kosa gani? Nikatia makaa chetezoni. Chozi akakimbilia ukutani, akanitukana huko mpaka moshi ulipotulia, kisha akarudi kuatamia. Paka hawakuondoka, walinukia tu.

"Bwana," alisema mke wangu, akikitazama kikopo kitupu, "ule ulikuwa wa Idi."

Nikazungushia shina bati la elfu kumi na tano, paka wasipande. Hilo limefaa. Makinda yametoka mawili, nimeyahesabu mara mbili, na yameshaota manyoya. Lakini kinda likijaribu kuruka, kwanza huanguka, na huko chini pana wenyewe kumi na mmoja, wamekaa kama wanaongoja pilau. Nikiliondoa jarife, paka watakwenda, kunguru atarudi. Nikiliacha, kunguru atakosa, paka watapata.

Mwenye kujua anishauri upesi: niliondoe au niliache? Anayetaka malipo aje tuzungumze. Mimi nitaanzia nusu.