Mwaka Tuliokula Mbolea

Ipo siku moja ya mwisho wa mwaka, mwanangu, ambayo nimeikimbia katika miji mingi na bado inanipata. Nimeishi Likasi, nimeishi Kolwezi, nimelala Kasumbalesa juu ya mabenchi ya watu, na sasa nakuandikia kutoka Kilwa, si ile ya pwani bali hii ya kwetu kando ya ziwa, nilikokuja kununua samaki wa kupeleka Lubumbashi. Mvua imeharibu barabara, lori limekwama, na Bonane itanikuta hukuhuku. Kwetu mwaka mpya tunauita hivyo, Bonane. Neno hilo ni jina la siku, ni salamu, na ni zawadi unayodaiwa na kila mtoto wa mtaa.

Vijana wa mitumbwi hapa wanaulizana watavaa viatu gani siku hiyo. Wananiita mzee, ingawa nina miaka arobaini na kitu tu. Labda ni ndevu, labda ni vumbi la safari. Sikuwabishia. Lakini mtu akikupa uzee kabla ya wakati wake, angalau akupe na nafasi ya kusema; ndiyo maana nakuita mwanangu, yeyote unayenisoma.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori katika kampuni moja ya usafirishaji pale Lubumbashi, na tuliishi Katuba. Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza sekondari na sina kazi. Kampuni ilikuwa imeacha kumlipa baba kwa muda mrefu. Kila mwisho wa mwezi alivaa ovaroli safi, akaenda, akarudi na maneno yaleyale: wamesema mwezi ujao. Kilichotulisha ni shamba la mama, nje ya mji, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Luano. Alikuwa amelilima tangu kabla sijazaliwa.

Kama hujalima kwetu, acha nikueleze kidogo, maana hadithi yote imelala hapo. Mbegu ya mahindi inaingia udongoni mvua zinapoanza, pamoja na mbolea ya kwanza. Mahindi yakikufika magotini yanadai mbolea ya pili, ile nyeupe kama chumvi. Udongo wetu ni mwekundu na unapendeza macho, lakini umechoka. Bila mbolea ya pili unavuna majani. Na wakati wa kuiweka unaangukia palepale, kati ya Noeli na Bonane, siku ambazo kila faranga ya nyumba inaitwa na watu wengine.

Sasa nikutajie Tonton Kalenga, mume wa shangazi yangu. Aliuza vipuri vya magari, alikuwa na tumbo na kicheko, na vyote viwili vilitangulia mlangoni kabla yake. Bonane ya mwaka uliotangulia alikuja kutusalimia, akatukuta na bukari, ule ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, bila hata kipande cha samaki. Akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikiwa na parseli nzima, nyumba zote za uwanja wetu:

"Shemeki! Kwenu huku Bonane inapitaka ku barabara, haiingiake mu nyumba?"

Watu walicheka. Baba naye alicheka. Lakini niliona mkono wake umeacha bukari, na haukurudi kwenye sahani tena.

Mwaka mzima alitembea na maneno hayo. Hakuyataja, ila ukikaa na mtu nyumba moja unajua jiwe lililo katika kiatu chake.

Basi, siku chache kabla ya Noeli, kampuni ikalipa sehemu ya malimbikizo. Baba aliingia na bahasha, akaiweka mezani kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mungu asifiwe," akasema. "Kesho twende tununue mbolea."

"Mbolea?"

"Mahindi iko inaingoya, baba Ngoy."

"Ingoye. Mahindi haina haya. Miye niko nayo."

Mama hakuwa mwanamke wa makelele. "Tugawanye," akasema. "Nusu mbolea, nusu Bonane."

"Nusu! Mwaka muzima niko nusu ya mwanaume mu hii nyumba, leo tena nusu?"

"Tuvae nguo ya mwaka ulipita. Batu batatukuta tuko bazima. Inatosha."

"Na batasema nini?"

"Batasema. Njo kazi yabo."

Sijawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo, na halikusaidia chochote. Baba alichukua bahasha akatoka.

Unajua desturi yetu ya kushona kitambaa kimoja kwa ajili ya sikukuu, jamaa nzima mkatembea mmefanana kama timu ya mpira. Baba alinunua kitambaa cha kuwavika wote: mama, sisi watoto, shangazi, watoto wa shangazi, hadi shati la Tonton Kalenga. Na kwa kuwa wiki ile hakuna fundi cherehani Katuba aliyekuwa na nafasi, alilipa zaidi ili nguo zetu ziruke foleni ya watu waliotangulia. Akanunua mbuzi, kuku, makreti ya bia. Akakodi spika mbili kubwa. Nilizibeba mimi mwenyewe kwenye mkokoteni, na nilitembea katikati ya barabara makusudi ili nionekane.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba haikuwa tamu. Wanaokuhubiria juu ya matumizi hukuambia kwamba fedha iliyotapanywa haina ladha. Ina ladha sana. Siku ya Bonane uwanja ulijaa, wanawake walipiga vigelegele walipotuona tumetoka na kitambaa kimoja, majirani ambao hawakutusalimia tangu Pasaka walijua ghafla majina yetu yote. Tonton Kalenga alipofika, baba alimkalisha kiti cha mbele, akamwekea paja zima la kuku.

"Shemeki," akamuuliza, "mwaka hii imeingia?"

"Imeingia na viatu!" akajibu Kalenga, mdomo umejaa.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Uso wa baba uling'aa kwa namna ambayo sikuiona kabla wala baada. Nakuomba uukumbuke uso huo unaponisoma, usimhukumu haraka. Mtu anayenyimwa jasho lake kwa miezi huwa na njaa nyingine isiyo ya tumbo.

Nilimkuta mama nyuma ya jiko, ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, amevaa nguo mpya, anaangalia mvua.

"Mama, haukule?"

"Nilikula," akasema. "Nilikula mbolea, sawa na bote."

Tulirudi shambani sikukuu zilipoisha. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa njano, kuanzia ncha, yakishuka katikati kama mtu amechora kwa kalamu. Mama aligusa moja, akagusa jingine, akaacha kugusa. Baba alitazama yote hayo, kisha akaniambia, "Ngoy, twende kwa Kalenga."

Tulimkuta getini kwake anaosha gari. Baba alimweleza kwamba anahitaji mkopo wa mbolea tu, hadi kampuni ilipe tena.

"Mukopo? Ninyi?" Kalenga alicheka hadi akashika gari. "Batajiri ba Katuba! Mi nilizani njo ninyi bakunikopesha!"

"Shemeki, mahindi iko inakufa."

"Lakini papa, si tulikula pamoja? Ile mbuzi yote! Mwenye kuchinja ile mbuzi hawezi kosa bei ya mbolea."

Hapo baba akafanya kitu ambacho sikutegemea. Alimwambia ukweli, mbele yangu, kwa sauti ndogo. "Niliifanya kwa sababu ya ile maneno yako. Ile ya kusema Bonane haiingiake kwangu."

Kalenga alisimama na tambara mkononi linachuruzika maji. Alikunja uso akijaribu kukumbuka. Alijaribu kwa moyo, nilimwona.

"Maneno gani? Miye nilisema vile? Lini?" Kisha akapunga tambara. "Ah, shemeki. Nilikuwa nacheka tu."

Hakutukopesha. Lakini si hilo lililomvunja baba. Njia nzima ya kurudi alitembea kama mtu aliyepigana mwaka mzima na adui, akagundua kwamba adui hakujua kama kuna vita.

Mavuno yakaja: magunzi ya ukubwa wa kidole gumba, yenye punje chache kama meno ya kikongwe. Kampuni ikarudi kwenye mwezi ujao. Kabla mvua nyingine hazijaanza bunga, unga wetu wa mahindi, ilikuwa imekwisha nyumbani, na bei yake sokoni, kama kila mwaka wakati huo, ilikuwa imepanda. Baba akauza shamba. Mnunuzi alikuja kwa gari kutoka Golf, kule kwenye majumba ya wenye nazo, akaliangalia kupitia dirishani, akasema linafaa. Leo kuna ukuta pale, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa.

Mvua ya kwanza iliponyesha mama aliamka, akachukua jembe, akafika mlangoni. Kisha akakumbuka. Akalirudisha mahali pake bila kutuangalia.

Mwaka uliofuata nilipata kibarua cha kubeba mizigo ya abiria pale Luano. Ilipokaribia Bonane nilimnunulia mama kitenge, kile cha bei, nikidhani namfariji. Alikikunjua, akakikunja tena, akanirudishia mkononi.

"Ngoy, nani alikuambia sina nguo?"

"Hakuna mutu, mama. Ni Bonane."

"Nilikuwa na nguo mbili, na gunia mu nyumba, na shamba yangu ku Luano. Nilikuwa nimetosheka. Hakuna mutu alijua, sababu hakuna mutu aliniuliza. Baba yako aliuliza Kalenga. Na weye unauliza nani?"

Nilikibana kitenge kwapani. "Enda ukiuzishe," akasema, "na utuletee bunga." Nilikiuza kwa hasara kwa mwanamke mmoja sokoni, nikarudi na mfuko begani, na ndiyo Bonane tuliyokula mwaka ule. Baba hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Kwenye kilio chake aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa Tonton Kalenga, na nadhani alilia kweli, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri.

Mama yupo bado, Katuba. Mwanamke aliyekuwa akipanga magunia hadi dirishani, leo ananunua bunga kwa meka, kile kikopo cha kupimia cha wauzaji, meka moja leo, meka moja kesho, kwa bei ya juu kuliko anayenunua gunia. Mimi nikipata fedha namtumia, kisha naondoka tena. Sijui kukaa. Kila mji ninaofika naona watu wamevaa vizuri kuliko ninavyovaa, na kitu ndani yangu kinasimama kama baba alivyosimama na bahasha.

Sasa sikia ninachotaka kukuambia, mwanangu.

Mwaka mpya unakuja na kelele, lakini unakaa muda mrefu baada ya kelele kwisha. Kabla hujagusa fedha yako ya sikukuu, kaa na yule anayepika nyumbani kwako, umwulize nini kitakuwa kimeisha mwezi wa pili. Hilo linunue kwanza. Kitu chenye msimu wake, kama mbolea, kama ada ya shule, kama dawa, usikiambie kingoje. Nguo inaweza kungoja. Ukishamaliza hayo, kilichobaki ukile kwa furaha, hata kama ni kuku mmoja, na usiombe radhi kwa mgeni kwamba ni mmoja.

Usilipe fedha kujibu dhihaka. Aliyekudhihaki ameshasahau, yuko getini anaosha gari lake.

Na kuridhika, usikuchanganye na kunyamaza. Mwajiri asipokulipa, mdai, piga kelele, huo si wakati wa kuridhika. Baba alikuwa na haki ya hasira. Kosa ni kwamba aliimwaga kwenye shamba la mkewe na si kwenye meza ya waliomnyima. Kuridhika ninakokuambia ni kule kwa mama: kujua kwa hesabu yako mwenyewe kwamba hiki kinanitosha, na kukisema kwa sauti kabla wengine hawajakupangia. Mama alikisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Wewe sema. Na kama kuna mtu nyumbani kwako aliyetosheka kimya, muulize, umsikilize, kwa sababu huenda ndiye anayewashikilia wote.

Bonane, mwanangu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na mshahara kwa mwezi wake. Akupe mlango usioonea haya kilicho ndani, na akuache na shamba lako, dogo lilivyo, hadi wajukuu wako walilime.