Mtani wa Baba Alikuwa Fundi Gari

Gari la baba bado lipo uani kwetu Ilongero. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na boneti haifungi tena, maana imefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa nyumba. Wageni wakishauri tuliuze kama chuma chakavu, baba hujifanya hasikii. Mimi huwaambia ukweli. Lile gari halikufa kwa uzee. Liliuawa na fundi, na fundi huyo tulikuwa tukimchinjia jogoo kila anapokuja kututembelea.

Alikuwa mtani wetu. Kabila lake silitaji, kwa sababu aliyoyafanya aliyafanya yeye na si kabila. Ila kwetu mtani ni mtani. Akimkuta kuku wako njiani anambeba, na wewe huna ruhusa ya kununa. Atakutukana mbele ya wakwe zako, utacheka, kisha utamtafutia tusi kubwa zaidi. Na siku ya msiba, wakati wengine wote wameinamisha vichwa, yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuchekesha.

Ndivyo tulivyomfahamu. Kaka yangu mkubwa alipofariki, baba hakulia wala hakusema neno. Alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu akiangalia zizi, na mama akaanza kuogopa kwamba atazika wawili. Siku ya mazishi akatokea mwanaume mmoja mwenye suruali iliyolowa oili, fundi wa gereji ya mjini, aliyefuatana na jirani yetu. Kabla jeneza halijashushwa alijitumbukiza kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akasema shimo hili lina ubaridi mzuri kuliko chumba alichopanga mjini, na hatoki bila jogoo.

Watu wakamgeukia baba. Baba akakohoa. "Jogoo sina," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nitakupa mkia wa panya. Kwenu si ndiyo kitoweo cha Krismasi?"

Kisha akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akalia kama mtoto mpaka tukamshika mabega. Mama alikuwa akisema siku ile mtu yule alimrudishia mume wake. Tangu hapo walikuwa ndugu.

Baba alinunua pikapu miaka michache baadaye, kwa alizeti ya misimu miwili mizuri. Ilikuwa nyeupe, ya zamani, na aliipenda kupita kiasi. Jioni ya kwanza alilala chini yake na nyundo na msumari, akaanza kuigonga alama. Baba ni mfugaji. Kila ng'ombe wake ana mkato wake sikioni, na alama hiyohiyo, mistari miwili na mmoja unaoikata, ameiweka kwenye majembe, kwenye ndoo, hata kwenye mguu wa kitanda. Aliigonga kwenye betri, kwenye rejeta, kwenye giaboksi, popote msumari ulipokubali. Mama alimuuliza kama gari nalo litapotelea malishoni. Baba akajibu kwamba chenye alama hakipotei.

Gari lilibeba alizeti, likabeba maharusi wa watu na wagonjwa wa watu. Kisha mgonjwa akawa wa kwetu. Miguu ya mama ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali ya mjini ikampangia kliniki ya kila mwezi. Bodaboda hakuiweza. Akirushwa kwenye shimo moja tu alikuwa anashika kifua na kufumba macho. Kwa hiyo gari likaacha kuwa mali, likawa njia ya mama ya kufika kwa daktari. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na fundi alilijua pia, kwa sababu baba alimwambia.

Kisha likaanza kuchemsha. Ukilipandisha mlima kidogo, mshale wa joto unapanda nao, na mvuke unatoka kwenye boneti. Baba akalipeleka kwa mtani wake.

Wakati huo nilikuwa nikiuza mafuta ya alizeti kando ya barabara mjini, si mbali na gereji ile, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu. Niliona rejeta ikitolewa, ikawekwa nyingine. Likachemsha. Ikabadilishwa gasketi. Likachemsha. Pampu ya maji, nozeli, klachi, na kila kilichotoka kiliitwa kibovu. Baba alikuwa akikaa kwenye tairi kuukuu, kofia magotini, akitukanwa na kucheka.

"Nyie Wanyaturu na mlenda wenu," fundi alikuwa akimwambia, "gari mlilipatia wapi? Hili nitalila lote mtani, nikuachie usukani ukachezee nyumbani."

"Kula," baba alijibu. "Kwenu hamjawahi kuona chuma. Mliletwa mjini kwenye gunia la vitunguu."

Gereji nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia mara ya kwanza. Baadaye nikaanza kumtazama fundi machoni wakati akisema atalila, na nikaona kwamba mtu yule anatangaza kazi yake waziwazi, mchana kweupe, na sisi tunamshangilia.

Nilimwambia baba. Tulikuwa tukirudi nyumbani, yeye akiendesha taratibu huku akitupia jicho mshale wa joto.

"Baba, huyu anakuibia."

"Yule ni mtani wangu."

"Ndiyo maana anakuibia vizuri."

Alisimamisha gari. Hakunifokea. Alisema tu, "Binti yangu, wewe ulikuwepo siku ya kaka yako," akaondoa gari tena. Nilikuwepo kweli.

Kisha fundi akasema tatizo ni giaboksi. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanichemka. Gari linachemsha maji, giaboksi inahusika nini? Akaeleza kwamba gia zikiwa ngumu zinaibebesha injini mzigo, na injini ikielemewa inapandisha joto. Alieleza taratibu, kwa mikono, na baba akatikisa kichwa kukubali. Giaboksi nyingine ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Ng'ombe zizini walikuwa wamebaki wachache na wote wakikamuliwa, isipokuwa mmoja mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Huyo alikuwa wa mama. Alipoolewa, marehemu mama yake alimpa ng'ombe aliyekuwa bibi wa bibi wa huyu, na uzao huo haukuwahi kukatika zizini. Mama alimshika pembe mwenyewe, akamkabidhi mnunuzi, akaingia ndani.

Gari lilikaa gereji wiki kadhaa. Liliporudi, giaboksi iling'aa kwa rangi ya silva. Fundi mwenyewe aliliendesha mpaka nyumbani, mimi nikiwa nimepanda, akala, akamtukana baba, akapewa mbuzi pia. Baba alicheka kama kawaida, ila niliona hakumsindikiza mpaka njiani. Nikadhani amechoka.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikwenda nyumbani ili nimsindikize mama. Hatukufika hata nusu ya njia. Mvuke ulipanda, injini ikakohoa, ikazima. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na kivuli cha maana. Mama alibaki kwenye kiti, mlango wazi, akijipepea na pindo la kanga. Niliona oili ikidondoka mchangani, nikalala chini nione inatoka wapi.

Ilikuwa inatoka kwenye giaboksi. Niliipangusa kwa kitambaa, na rangi ya silva ikabanduka pamoja na oili. Chini yake palikuwa na mistari miwili na mmoja unaoikata.

Nilibaki pale chini nikiigusa kwa kidole. Ilikuwa ileile. Ilitolewa, ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikarudishwa, na ng'ombe wa mama akawa ameondoka. Nilitoka nikamwambia baba kwa sauti ya chini mama asisikie. Nilitegemea ataruka. Alikuwa ameegemea bodi la nyuma, akiangalia mashamba.

"Nimeiona," alisema.

"Lini?"

"Jioni ile alipolirudisha, yeye akiwa bado anakula. Nililala chini niigonge alama giaboksi mpya. Nikakuta ina alama."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Nilipomtazama usoni nilitamani nisingeuliza.

"Ningemwambia nini? Angesema ananitania, na mimi ningelazimika kucheka," alisema. "Nilijua anakula. Mtani hula. Nilidhani atashiba."

Mama alikuwa amesikia yote. Alisema kwa Kinyaturu, bila kumwangalia mtu, kwamba kumbe ng'ombe wake alikwenda bure. Baba alikwenda akafunga boneti kwa waya, taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Tulimpakia mama kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kila shimo nililisikia kwenye mbavu zake. Tulipofika kliniki ilikuwa imefungwa, tukapewa siku nyingine, na siku hiyo nyingine hakuweza kuinuka kitandani.

Sisemi fundi alimuua mama yangu. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, nami namwamini. Nasema mama alipohitaji kufika kwa daktari, hakufika. Alifariki alizeti ikiwa imechanua, kabla ya mavuno.

Fundi alikuja kwenye mazishi. Nilimwona akishuka kwenye bodaboda, suruali safi safari hii, na watu wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo, kwa sababu waliikumbuka siku ya kaka yangu. Katekista alimpisha. Akarukia kaburini kama zamani, akasimama katikati yake, akanyoosha mikono.

"Mama huyu simruhusu apite," alisema. "Safari ni ndefu, na gari lake bado linachemsha. Mrudisheni nyumbani mpaka nilimalize."

Watu waliangua kicheko. Hawakujua. Niliokota bonge la udongo, na sijui ningelifanyia nini kama baba asingenipita akaenda kusimama ukingoni. Wote walikuwa wakisubiri tusi lake.

"Mtani," fundi akamwambia kwa furaha, "leo sitaki jogoo. Sitoki humu bila ng'ombe."

"Ng'ombe ulishachukua, fundi," baba alisema. "Toka. Mwenye nyumba amefika."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Wazee walipiga makofi. Mpaka leo pale kwetu watu husimulia kwamba hakuna aliyewahi kumjibu mtani vizuri kama baba siku ile. Lakini mimi nilikuwa karibu, na nilimwona fundi akiacha kucheka kidogo kidogo. Aliangalia chini. Kwa miaka yote ile baba alimwita mtani, hakuwahi kumwita fundi, hata akiwa gereji, hata akimlipa.

Baba aliinama akampa mkono, akamvuta juu, kama desturi inavyotaka. Kisha akauachia mkono wake. Yule bwana alijipangusa udongo magotini, akapita katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, akaondoka kabla ya chakula.

Tukamshusha mama. Baba hakulia. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumchekesha.